Tochi ya Simu Mpya

Simu yangu ya zamani ilikufa Jumanne
ndani ya ndoo ya jiki, wadi ya kujifungulia,
mimi nimeinama, mikono yote miwili kazini,
nayo ikateleza kutoka mfukoni kama mtoto wa nne,
isimngoje mkunga.

Leo nimeshuka kutoka Mbale ya Vihiga hadi Kisumu,
macho yana mchanga wa zamu mbili,
nikaingia kwa Ogaja, duka jembamba kama kabati,
nyuma ya stendi.

"Daktari, hii ina kamera nne."
Nne za nini, Ogaja?
Kidonda nakipiga picha moja, na ruhusa naiomba kwanza,
na picha hiyo haifai kulala
jirani na keki ya mwanangu Kisia alipotimiza miaka sita.
Nipe simu yenye chumba cha ndani, chumba chenye kufuli.

"Basi hii. Nyembamba. Kioo kimepinda ukingoni."
Mimi nataka ya kupanguswa kwa spiriti mara ishirini kwa siku
isibabuke.
Nataka laini mbili: moja ya nyumbani,
moja ile inayolia saa tisa usiku
na kuninyoosha mgongo kabla sijaamka.
Nataka betri iliyokula ikashiba,
maana stima ya kwetu hukatika mvua ikikohoa tu,
na jenereta ni ya kubembelezwa.

Programu nitachagua mwenyewe.
Ile niliyokuwa nayo, jina lake silitaji,
iliniuliza naipa nyota ngapi
mtoto akiwa na degedege mezani,
kilo kumi na moja,
nami natafuta mililita.
Nyingine ilidai mtandao. Mtandao!
Katika wadi ambayo utaupata ukipanda kiti
kando ya friji ya chanjo.
Sista Kageha ndiye aliyenitajia dozi,
kutoka daftari lake lililovikwa gazeti la mwaka juzi,
bila kupandisha sauti.

Basi nataka programu inayojua mambo yake gizani,
isiyolazimika kuuliza kwao.
Inayosema ilisahihishwa lini, na nani.
Isiyoniuzia vidonge chini ya ukurasa.
Na bado nitailinganisha na daftari.

"Na tochi?"
Tochi ndiyo mtihani. Nikaiwasha.
"Nitazame puani, Ogaja. Usipepese."
Mboni zikajikaza, sawa kwa sawa,
milango miwili ya duka moja ikifungwa jioni.
Tochi nzuri. Mwanga mweupe, hauna rangi yake.
Kwa hiyo umanjano ule
haukutoka kwenye simu.

Nikazima. Nikawasha tena.
Nikavuta kope ya chini kwa kidole gumba.
Nikasogea, nikashusha sauti:
"Mkojo wako ni rangi gani siku hizi?"
Akacheka, akatazama mlangoni. Akaacha kucheka.
"Kama chai ya rangi. Nilidhani ni jua."
Tangu lini?
"Tangu shule zifunguliwe."
Kijana aliyekuwa akichagua kava
akairudisha polepole kwenye ndoano yake,
akatoka.

Bei tulikuwa hatujapatana.
Sikumbuki ni nani aliyelegeza.
Aliandika risiti, tarakimu zake zikiegemeana,
nami nikaigeuza nikaandika nyuma yake
vipimo vitatu, na jina la mwenzangu wa kliniki ya Alhamisi,
kwa mwandiko ambao, kwa mara moja maishani,
nilijitahidi usomeke.
Kisha nikakumbuka kwamba risiti ni yangu.
Nikamwachia.

Simu mpya haina jina hata moja ndani.
Nikaingiza la kwanza: Ogaja Duka.
Nikafuta Duka.
Nikatega kengele, Alhamisi, saa mbili asubuhi,
nailoni ya kiwandani ikiwa bado kwenye kioo,
na vidole vyetu viwili, cha muuzaji na cha mnunuzi,
vimeacha alama juu yake.